Kidari Kuuma na Kualika Wakati wa Mazoezi: Maelezo Yaliyotolewa Mjini Bariadi

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya Afisa Habari wa Wizara, aliyoyatoa mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu, mbele ya vikundi vya mazoezi ya viungo, alipokuwa huko kwa ziara ya kikazi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wananchi wa Unguja na Pemba, na khasa vikundi vinavyojitayarisha kwa mazoezi ya tarehe 1 Januari.)

Bwana Mwenyekiti,
Waheshimiwa Viongozi,
Walimu wa mazoezi,
Ndugu Wananchi,



Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima tukaamka alfajiri hii, tukakimbia pamoja, na tukarudi hapa sote, tunahema lakini tumo. Pili, naushukuru uongozi wa vikundi hivi kwa kunipa nafasi ya kusema machache. Nimeambiwa dakika ishirini. Kwa kuwa kazi yangu ni habari, na nimekaa katika hafla nyingi, nazijua hila za watu wanaopewa dakika ishirini. Nitajitahidi nisiwe mmoja wao.

Leo ni Jumamosi ya pili ya mwezi. Mtakumbuka kuwa mwezi Disemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alitangaza kuwa siku hii katika kila mwezi iwe ni siku ya mazoezi nchini, ili tujikinge na maradhi yasiyoambukiza kama vile presha, sukari na moyo. Kwetu Zanzibar tunayo siku yetu ya tarehe 1 Januari, ambapo vikundi vya Unguja na Pemba hukusanyika asubuhi kwa matembezi na viungo. Kwa hivyo tulivyofanya leo si mchezo wa kupoteza wakati. Lakini wito wa watu wazima na vijana kufanya mazoezi unapoitikiwa kwa wingi, hutokea pia kwamba watu wengi, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wanasikia mambo mapya ndani ya miili yao wenyewe. Moja katika hayo ndilo nililokuja nalo.

Bwana Mwenyekiti, jana baada ya sala ya Magharibi alinifuata kijana mmoja fundi wa baiskeli, akanipa shikamoo, akasema, "Mzee, mimi nina ugonjwa wa moyo." Nikamuuliza nani kakwambia. Akanieleza kuwa kila anapofanya pushapu au anapojiinua baina ya nguzo mbili, hapa katikati ya kifua panalia "ko", kisha panauma siku mbili au tatu. Jirani akamwambia ni moyo, mwengine akamwambia ni kichomi, na wa tatu akampeleka kwa mganga. Ameacha mazoezi, msimu uliopita hakushika jembe, na fedha alizokuwa akiziweka kwa ajili ya mahari zimekwisha kwa waganga. Swali lake la mwisho lilikuwa fupi: "Mzee, mimi nitaoa?"

Nilimwomba idhini nilete swali lake hapa bila ya kumtaja jina, akakubali. Yumo humu ndani.

Kabla ya yote lazima ieleweke kuwa mimi si daktari. Nitakayoyasema nimeyapata kwa matabibu na katika vitabu vyao, na mengine nimeyapata katika kidari changu mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Kwetu visiwani kifua tunakiita pia kidari, na mfupa ule ulioko katikati, unaougusa ukiweka kiganja kifuani kama mtu anayeapa, ndio mfupa wa kidari. Watu wengi hudhani ni kipande kimoja kama ubao. Sivyo. Una sehemu tatu: ya juu iliyo pana, ambayo mitulinga ya mabega inashikamana nayo, ya kati iliyo ndefu, na ncha ndogo chini. Mbavu za mtu ni jozi 12. Jozi saba za juu zinafika kwenye kidari, kila moja kwa gegedu lake; jozi tatu zinazofuata zinaegemea gegedu la ubavu ulio juu yake; na mbili za mwisho zinaishia hewani. Gegedu ni ile kitu nyeupe, ngumu na laini kwa pamoja, anayoitafuna mtu mwenye meno mazuri anapokula nyama ya kidari. Baina ya gegedu na mfupa mna viungo vidogo vidogo, na vingi katika hivyo vina ute ndani yake mfano wa ule ulioko gotini au kidoleni, isipokuwa ni kidogo mno.

Sasa, mtu anavuta pumzi mara kumi na mbili hadi ishirini kwa dakika akiwa ametulia. Kila pumzi, viungo hivi vinatikisika. Usiku na mchana, mwezi wa Ramadhani na siku ya Idi, mbavu hazina likizo. Hii ndiyo sababu maumivu ya hapa hukawia kupona kuliko ya mkono: mkono utaufunga kitambaa uutulize, lakini kifua huwezi kukifunga.

Nieleze kwanza mlio. Kwetu tunasema kiungo kinaalika, kama mtu anavyoalisha vidole. Vijana msije mkacheka. Neno hili halihusiani na kadi ya harusi. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu mlio huu unatoka wapi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, wakiongozwa na Greg Kawchuk, walivuta kidole cha mtu ndani ya mashine inayopiga picha kwa nguvu za sumaku, wakaona kuwa nyuso mbili za kiungo zinapoachana ghafla, ndani ya ute hutokea uwazi wa hewa, na hapo ndipo mlio unaposikika. Hapakuwa na kitu kilichovunjika. Aidha, daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wake wa kushoto kila siku kwa miaka 50 na kuuacha wa kulia, na mwaka 1998 akatoa taarifa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa sawa, haina baridi yabisi. Sijui mkewe alivumilia vipi, lakini jibu alilipata.

Kidari nacho kinaweza kualika kwa njia hiyo. Mlio unaweza kutoka pale penye kivimbe kidogo kama mstari, vidole vitatu au vinne chini ya shimo la koo, panapokutana sehemu ya juu na ya kati ya mfupa. Au kwenye viungo vya mbavu pembeni yake. Au kwenye kiungo cha mtulinga. Aghlabu mtu ameinama kutwa nzima, kama fundi wa baiskeli, au dereva, au karani kama mimi, kisha ananyooka na kupanua mabega kwa nguvu. Panalia, na pengine mtu anahisi raha kidogo baada yake. Mlio peke yake, usio na maumivu wala uvimbe, si maradhi. Ninachowaomba ni msiutafute kwa makusudi. Nimewaona vijana wakijipinda kila baada ya dakika chache ili palie tena, na mwisho wanapachosha mahali pale mpaka panauma kweli.

Maumivu ni jambo jengine. Gegedu linapokutana na mfupa linaweza kuvimba kwa ndani, kwa sababu ya kazi mpya au nzito: kunyanyua vyuma, pushapu nyingi kwa mtu asiyezoea, kubeba magunia, au kukohoa kwa muda mrefu. Wakati mwengine sababu haijulikani. Maumivu huwa upande mmoja zaidi kuliko mwengine, khasa kwenye ubavu wa pili mpaka wa tano. Huchoma unapovuta pumzi ndefu, unapokohoa, unapogeuka kitandani. Na ukipabonyeza kwa kidole kimoja, unasema "hapo hapo". Kuna aina yake isiyo ya kawaida sana ambapo panatokea na uvimbe unaoonekana, aghlabu ubavu wa pili au wa tatu; daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Alexander Tietze, aliieleza mwaka 1921, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Ndugu Wananchi, hapa Bariadi hakuna haja ya kwenda kwenye chumba cha vyuma ili mtu akitaabishe kidari chake. Nimeiona ngoma ya bugobogobo. Mtu ananyanyua jembe juu ya kichwa, analizungusha, analirusha na kulidaka, na ngoma haimpi nafasi ya kuvuta pumzi. Ngoma ile imezaliwa na kulima kwa pamoja, na kulima ndiko kunakotumia misuli hiyo hiyo ya kifua na mabega. Ukichanganya palizi ya pamba asubuhi, magunia mchana na pushapu jioni, ukalala juu ya mkono mmoja usiku, utaamka na kidari kinachouma, na hilo halihitaji mchawi. Kwetu Pemba wachumaji wa karafuu, wanaoning'inia kwa mkono mmoja na kuvuta tawi kwa mkono wa pili, wanaijua sana hali hii mwanzo wa msimu. Wakizoea, inaondoka.

Tatizo letu kubwa ni maneno. Tuna neno kichomi, na ndani ya neno hilo tumetia kila kitu: homa ya mapafu, gegedu, gesi ya tumbo, misuli na moyo. Mtu akisema ana kichomi, hajasema kitu. Tuna pia chembe cha moyo. Ile ncha ya chini ya kidari niliyoitaja huwa ni gegedu kwa kijana, na hugeuka kuwa mfupa mtu anapokaribia umri wa makamo. Kwa hivyo mwanamme wa miaka arubaini anaoga, anapitisha mkono, anakuta kitu kigumu kilichochomoza ambacho hakumbuki kuwa nacho, na jina lake ni chembe cha moyo. Basi usiku halali. Chembe cha moyo si moyo. Ni ncha ya mfupa, na amezaliwa nayo.

Msidhani nawacheka. Miaka michache iliyopita, mimi mwenyewe, katika kujitayarisha na mazoezi ya mwaka mpya, nilifanya pushapu nikiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, kwa sababu ya kijana mmoja wa ofisini aliyesema siwezi. Siku ya tatu kidari kilialika. Siku ya nne kikauma. Sikumwambia mtu kwa wiki tatu. Katika wiki hizo niliandika wasia, nikalipa deni la duka, na nikawa mpole nyumbani kiasi cha kumtia mke wangu wasiwasi. Hatimaye nikaenda hospitali. Daktari, binti mdogo anayeweza kuwa mwanangu, alinisikiliza, akanipima presha na umeme wa moyo, kisha akaniwekea kidole kimoja pembeni ya mfupa na kubonyeza. Nilipiga kelele. Akatabasamu, akasema, "Baba, ni gegedu." Nilitoka pale nikiwa nimeongezewa umri.

Lau kama hadithi ingeishia hapo, nisingeomba nafasi ya kusema leo.

Baada ya kupona nikawa daktari wa mtaa. Kila aliyelalamika kifua nilimbonyeza kwa kidole. Nilikuwa na jirani, mchukuzi, umri wake sawa na wangu, mtu wa sigara na anayeijua presha yake lakini hafuati dawa. Jioni moja alikaa barazani akasema kifua kinambana tangu alipoteremsha magunia. Nikambonyeza. Akasema, "Panauma kidogo." Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye elimu, "Hicho kidari tu ndugu yangu, kiliwahi kunipata na mimi. Jikande kwa maji moto ulale." Sikumuuliza kama anatoka jasho, na alikuwa anatoka jasho. Sikumuuliza kuhusu mkono, na mkono wa kushoto alikuwa anaukunja na kuukunjua mbele ya macho yangu. Alfajiri wanawe waligonga mlango wangu kuomba msaada wa gari. Ilikuwa ni moyo. Mwenyezi Mungu alimnusuru, lakini sehemu ya moyo ilikwisha kuharibika kwa saa zile alizolala kwa kauli yangu. Sasa hivi akipanda ngazi moja anapumzika, na uchukuzi umekwisha. Watoto wawili waliokuwa wakisomeshwa kwa uchukuzi ule wanasaidiwa na jamaa. Hajanilaumu hata siku moja. Tunakaa baraza ile ile.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, hili la kidole nataka nilieleze vizuri, kwa sababu nusu yake ni hatari. Maumivu ya gegedu yana mahali. Mtu huyaonyesha kwa ncha ya kidole. Yanabadilika ukijipinda, ukinyoosha mkono au ukibonyeza. Maumivu ya moyo aghlabu hayana mahali. Mtu huyaonyesha kwa kiganja kizima au ngumi, na husema kifua kimebanwa, kimelemewa, kama kuna mtu amekikalia. Yanakuja unapotembea au kupanda mlima, na pengine yanapungua ukisimama. Yanaweza kwenda mkono wa kushoto, shingoni, kwenye taya au mgongoni, pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi. Kwa wanawake, wazee na wenye ugonjwa wa sukari, maumivu yenyewe yanaweza kuwa madogo, ikawa ni uchovu wa ghafla na kukosa pumzi tu. Na mtu mwenye ugonjwa wa moyo anaweza pia kuwa na misuli inayouma akibonyezwa. Kubonyeza kunamsaidia daktari pamoja na vipimo vyengine. Hakumpi jirani ruhusa ya kumlaza mtu.

Mtu mwenye dalili hizo asisubiri asubuhi, wala asipande baiskeli mwenyewe. Vile vile aliyeanguka au kuzirai katikati ya mazoezi. Aliyepata maumivu ya ghafla ya upande mmoja na pumzi zikakatika. Aliyepigwa pembe na ng'ombe au kugongwa kifuani, kisha akasikia mfupa unasagika. Na yule mwenye homa na kikohozi. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, na tiba yake haina malipo. Hapa Bariadi mnayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata, na kwa yale yanayohitaji zaidi ipo Bugando, Mwanza. Kwetu ipo Mnazi Mmoja kwa watu wa Unguja, na Abdulla Mzee, Mkoani, kwa watu wa Pemba.

Kuna jambo moja linalohusu Kanda hii ya Ziwa, na visiwani kwetu halina ugeni, ambalo walimu wa mazoezi na walimu wa skuli nawaomba walisikilize zaidi ya wengine. Ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wanauita siko seli. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti uliofanywa na wataalamu walioko Bugando kwa kupima damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini magharibi ya nchi. Takriban mtoto mmoja katika kila watano alikutwa amerithi selimundu kwa mzazi mmoja, na hao aghlabu huishi bila ya tabu. Lakini watoto wapatao 12 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtoto mwenye ugonjwa huu hupata maumivu makali ya mifupa, na mfupa wa kidari na mbavu ni miongoni mwake. Akikimbizwa kwenye jua bila ya maji, au akipigwa na baridi, maumivu yanaweza kuanza hapo hapo. Na maumivu ya kifua kwa mtoto huyu, yakifuatana na homa au pumzi za haraka, ni jambo la hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kuwa yameingia hatarini. Mwalimu asimwambie kuwa ni mvivu. Mzazi naye asimfiche mwalimu maradhi ya mwanawe.

Na kwa wale wanaofanya kazi kwenye vinu vya kuchambua pamba, neno moja kabla sijaendelea. Kifua kinachobana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, na kupungua siku zinazofuata, hakitokani na kidari. Vumbi la pamba linaweza kufanya hivyo ndani ya mapafu. Mweleze tabibu kazi yako. Akijua unafanya kazi wapi, ataijua nusu ya ugonjwa. Na ziba pua na mdomo.

Sasa tumrudie kijana wetu, na wenzake ambao tayari wamepimwa wakaambiwa ni gegedu. Tiba ya kwanza ni kuacha lile jambo moja linaloleta maumivu, na kuendelea na mengine yote. Watu wanafanya kinyume: ama wanaacha kila kitu na kulala, ama wanaendelea na kila kitu ili "kulizoesha". Acha pushapu, acha kujiinua kwenye nguzo, acha gunia la begani. Tembea, endesha baiskeli taratibu ukiwa umekaa wima, cheza mpira bila ya kugongana. Weka kitambaa cha maji ya moto, dakika kumi na tano, asubuhi na jioni. Wengine wanapata nafuu zaidi kwa baridi, na wote wawili wako sawa. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa inatosha kwa wengi. Ama hizi dawa za diklofenaki na ibuprofeni, ambazo siku hizi zinauzwa kama karanga, zinasaidia, lakini zinachoma tumbo na kudhuru figo zikinywewa ovyo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye presha, mwenye figo, mwenye pumu na mama mjamzito wasizinywe bila ya kuuliza.

Kuhusu kukanda, sikatazi. Mama zetu wametukanda na tumekua. Lakini gegedu lililovimba halitaki kusagwa kwa kisigino cha mkono mpaka mtu alie. Likandwe pembeni, kwa mkono mwepesi. Kuchanja chale juu ya mfupa kunaleta jeraha jipya na hakupunguzi la zamani. Na kuumikwa, ambako sisi Waislamu tunakuheshimu, kuna nafasi yake na watu wake. Kusimchelewesha mtu kufika hospitali.

Itachukua muda gani? Aghlabu wiki kadhaa, pengine miezi. Yangu ilichukua wiki saba, na wiki ya tano niliharibu kwa kunyanyua pipa la maji kwa ubishi. Maumivu yakipungua kiasi cha kuweza kuvuta pumzi ndefu na kulala ubavu bila ya tabu, mtu anaanza upya, na hapa ndipo vijana wanaposhindwa, kwa kuwa wanataka kuanzia walipoachia. Anza kwa kusukuma ukuta, umesimama, mikono usawa wa kifua, mara kumi. Wiki moja bila ya maumivu, hamia kwenye meza nzito isiyotikisika. Kisha kwenye benchi. Kisha ardhini kwa magoti. Mwisho ndipo pushapu kamili, na kifua kisishuke chini kupita viwiko vyako. Kule kujiinua baina ya nguzo mbili kuwe kwa mwisho kabisa, maana huko kunakitanua sana kidari. Na mtu wa umri wangu anaweza kukusamehe maisha yake yote asipungukiwe na kitu. Kila siku, kabla ya kuanza, zungusha mabega na uvute pumzi taratibu kwa pua, mpaka mwili upate joto. Ikialika bila ya kuuma, endelea. Ikiuma, rudi hatua moja nyuma, si hatua zote.

Nawaomba pia viongozi wa vikundi kila anayejiunga, akiwa ametimiza miaka arubaini au ana presha au sukari, apimwe kwanza. Kipimo cha presha hakichukui dakika tano. Jirani yangu angeulizwa swali hilo na kiongozi wa kikundi badala ya kuulizwa na mimi, yamkini leo angekuwa anabeba mizigo yake.

Bwana Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha, na naona zimezidi. Lile swali la fundi wa baiskeli nililijibu jana kwa kumwambia kuwa mimi sitambonyeza. Asubuhi ya leo kabla ya mazoezi tulikwenda pamoja mpaka hospitali, akaandikishwa, na Jumatatu ataonwa na daktari na kupigwa kipimo cha moyo. Mimi nitakuwa nimekwisha kupanda basi, lakini ameahidi kunipigia simu. Akiambiwa ni gegedu, kuna ukuta mzuri hapo nyuma ya jengo hili, na wale wanaotaka kuonyeshwa namna ya kuanza kwa ukuta wabakie sasa hivi, nitawaonyesha, tafadhali msinishindanishe.